Kufundisha Asili ya Watu Waliohama kwa Maji: Kutoka Ukerewe hadi kwa Wamaori

1. Utangulizi

Miaka michache iliyopita nilikaa nyuma ya Darasa la Tano katika shule moja ya msingi isiyo mbali na Nyamuswa, nikimkagua mwanachuo wetu aliyekuwa katika mazoezi ya kufundisha. Somo lilihusu asili ya makabila. Mwanachuo alikuwa amejiandaa vema. Andalio la somo lilikuwa safi, na chati iliyobandikwa ukutani ilikuwa na mishale mekundu iliyoonyesha jinsi wasemaji wa lugha za Kibantu walivyotoka Afrika ya Magharibi na kuenea mpaka kwetu. Mtoto mmoja akanyosha kidole, akasimama, akasema: "Mwalimu, babu anasema sisi tulitoka ng'ambo ya ziwa, kwa mtumbwi." Mwanachuo akaitazama chati yake. Mshale wa mtumbwi haukuwapo. Akajibu: "Hilo halimo kitabuni. Kaa chini." Mtoto akakaa, wala hakunyosha kidole tena mpaka kengele ilipolia.

Kosa hilo halikuwa la mwanachuo peke yake. Mimi niliyekaa nyuma na fomu ya tathmini mkononi niliandika: "Nidhamu ya darasa ni nzuri." Jioni, nilipoisoma tena fomu ile, niliona kwamba nilichokiita nidhamu kilikuwa ni kimya cha mtoto aliyekuja na historia yake shuleni akaambiwa airudishe nyumbani. Makala haya yameandikwa ili kosa letu wawili lisirudiwe na wanachuo wanaojiandaa kwenda madarasani.

Somo ninalolipendekeza linahusu watu waliohama kwa njia ya maji. Kilele chake ni Wamaori wa Nyuzilandi, ambao wazee wao walisafiri katika Bahari ya Pasifiki kwa vyombo vya mbao wakiongozwa na nyota. Lakini kanuni yetu ya ufundishaji ni kutoka kwenye jambo linalojulikana kwenda kwenye lisilojulikana. Kwa hiyo hatutaanza na Wamaori. Tutaanza na ziwa ambalo watoto wetu wanalijua, kisha tutashuka pwani kwenye Bahari ya Hindi, na mwishowe tutafika Pasifiki.

2. Madhumuni ya somo

Baada ya vipindi vitatu mwanafunzi aweze:
(a) kueleza kuwa watu wa kale walihama kwa nchi kavu na kwa maji pia;
(b) kutaja ushahidi wa aina nne unaotuwezesha kujua walikotoka watu: masimulizi, lugha, mazao na mifugo, na mabaki ya kale;
(c) kupima simulizi bila kulidharau na bila kulimeza zima.

Dhumuni la tatu ndilo gumu, na ndilo lililomshinda mwanachuo wetu. Mwalimu asiyelishughulikia atakuwa amefundisha majina na miaka tu.

3. Hatua ya kwanza: ziwa letu

Mwalimu aanze na masimulizi ya mahali alipo. Akiwa Nyamuswa yumo katika nchi ya Waikizu, na karibu kila mtoto wa huko atakuwa amesikia habari za Nyakinywa, mwanamke mwenye ujuzi wa mvua aliyetoka Kanadi upande wa Usukuma, na za Isamongo mwindaji. Hilo ni simulizi la watu waliokuja kwa miguu. Liandikwe ubaoni upande wa kushoto. Kisha mwalimu aulize: "Nani nyumbani kwao wanasimulia safari ya majini?" Katika wilaya ya Bunda, ambako kivuko hutoka Kisorya kwenda Rugezi katika kisiwa cha Ukerewe, ni nadra swali hilo likose jibu.

Mfano ulio karibu nasi na wenye ushahidi mzuri ni huo wa Wakerewe. Ukoo uliotawala Ukerewe, Wasilanga, husimulia kuwa mzee wao Katobaha alitoka Ihangiro, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, katika nchi ambayo leo imo wilayani Muleba mkoani Kagera. Wanahistoria huikadiria safari hiyo kuwa ya karne ya 17. Mtawala wa Ukerewe aliitwa Omukama, cheo kile kile kilichotumika katika falme za Wahaya.

Je, simulizi hili tuliamini kwa sababu tu limesimuliwa? Hapa ndipo mwalimu amwite shahidi wa pili, yaani lugha. Wanafunzi waitazame ramani. Jirani wa Ukerewe upande wa kusini na mashariki ni Wasukuma na Wajita. Iwapo Wakerewe wangalikuwa wamechipuka kutoka kwa majirani hao, tungalitazamia lugha yao iwe pacha wa Kisukuma au wa Kijita. Sivyo ilivyo. Wataalamu wa lugha huiweka Kikerewe katika kundi moja na Kihaya na Kizinza. Katika kisiwa cha Ukara, kilicho karibu kabisa, Kikara huwekwa katika kundi moja na Kijita. Ukizifuata kwa kidole lugha hizo za kundi la Kihaya katika ramani, utaona zimepangika kama shanga kwenye uzi: Kihaya magharibi mwa ziwa, Kizinza kusini-magharibi, na Kikerewe mbele yake, visiwani. Uzi huo ni maji. Ziwa ambalo mtoto hudhani ni mpaka lilikuwa ni njia.

Shahidi wa tatu ni vyombo vyenyewe. Wavukaji wa Nyanza walijua kuunda mitumbwi mikubwa ya mbao zilizoshonwa kwa kamba, na iliyokuwa maarufu zaidi ni ile ya Buganda na Visiwa vya Sese. Mwaka 1875 H. M. Stanley, alipotaka kuwavusha watu wake kwenda Buganda, alimwendea Lukonge mtawala wa Ukerewe kuomba mitumbwi. Msafiri mwenye bunduki na mashua yake mwenyewe ilimlazimu kuomba msaada wa mabaharia wa kisiwani.

Mwalimu anayetaka kuijua zaidi jamii hiyo asome riwaya ya Aniceti Kitereza, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza aliikamilisha kwa Kikerewe mwaka 1945, na Kiswahili chake kilichapishwa mwaka 1980. Humo atakuta maisha ya kila siku ya watu wa kisiwani, kazi zao, desturi zao na maneno yao, mambo ambayo chati ya mishale haiwezi kuyaonyesha.

Tahadhari moja. Ziwa limekwisha kuchukua watu wengi. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilizama karibu na Ukara, wakafa watu zaidi ya 220. Yumkini darasani mwako yupo mtoto aliyefiwa na ndugu majini. Zungumza juu ya hatari za maji kwa heshima, wala usizifanye kichekesho cha kuamshia darasa.

4. Hatua ya pili: Bukini, ng'ambo ya Bahari ya Hindi

Mashariki ya pwani yetu kuna kisiwa kikubwa ambacho Waswahili wa kale walikiita Bukini, yaani Madagaska. Kwa kuwa kipo karibu na Afrika, mwanafunzi atatazamia lugha yake iwe jamaa ya lugha zetu. Mwalimu amwache atoe kwanza jibu hilo, kisha ampe ushahidi.

Kimalagasi hakimo katika jamaa ya Kibantu. Mwaka 1951 mtaalamu wa Norwe, Otto Christian Dahl, alichapisha utafiti ulioonyesha kuwa ndugu yake wa karibu ni Kimaanyan, lugha ya watu wa kusini-mashariki mwa kisiwa cha Borneo, kiasi cha kilometa 7,000 kutoka Bukini. Watu walivuka Bahari ya Hindi nzima, na wataalamu wengi wanaiweka safari hiyo katika nusu ya pili ya miaka elfu ya kwanza baada ya Kristo.

Hapa mwalimu afundishe tofauti iliyo muhimu sana: maneno ya kurithi na maneno ya kukopa. Maneno ya msingi kama namba, moto, kufa na mbingu hurithiwa kwa wazazi. Majina ya vitu vipya huazimwa kwa jirani aliyevileta, kama sisi tulivyoazima "kitabu" kwa Waarabu, "meza" kwa Wareno na "shule" kwa Wajerumani. Sasa tazama Kimalagasi. Namba zake ni za Asia. Lakini ng'ombe wanamwita omby, kondoo ondry, mbwa amboa, kuku akoho, kanga akanga, na punda ampondra. Msomee mtoto wa mfugaji maneno hayo polepole, naye atayatambua kabla hujamaliza. Maana yake ni nini? Wageni wale walikuja na namba zao kutoka Asia, lakini mifugo waliipata kwa watu wa Afrika, pamoja na majina yake. Sayansi ya vinasaba imekubaliana na lugha: Wamalagasi wa leo wana asili ya Asia na ya Afrika kwa pamoja. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulikadiria kuwa wanawake waanzilishi wa taifa lile walikuwa kama 30 tu, wengi wao wakiwa wa asili ya Indonesia. Idadi hiyo haijazi hata darasa moja la shule zetu.

Mazao nayo yametoa ushahidi wake. Mwaka 2016 wachunguzi wa mambo ya kale walieleza jinsi walivyochekecha udongo wa vijiji vya kale na kuokota mbegu zilizoungua. Katika Bukini na Visiwa vya Komoro, kati ya karne ya 8 na ya 10, walipata kwa wingi mpunga na choroko, mazao ya Asia. Katika vijiji vya bara na visiwa vya pwani yetu vya wakati ule walipata zaidi mtama na uwele, mazao ya Afrika. Hali kadhalika ndizi, ambazo leo ni uhai wa Bukoba na Buganda, asili yake ni Asia ya kusini-mashariki na Guinea Mpya.

Kuhusu njia, mwalimu ana vielelezo viwili. Cha kwanza ni ngalawa ya pwani yetu, yenye mirengu miwili, yaani mbao za kuelea zilizofungwa kwenye boriti ubavu huu na huu ili chombo kisipinduke. Ufundi huo ndio alama ya mabaharia wa Indonesia na Pasifiki, na wataalamu wengi huona ulitufikia kutoka huko. Cha pili ni mlima wa volkeno wa Krakatau, kati ya Java na Sumatra, uliolipuka mwaka 1883. Mwaka uliofuata mawe yake mepesi yanayoelea yalionekana pwani ya Afrika Mashariki. Mawe hayana tanga wala nahodha, bali mkondo wa bahari uliyaleta. Chombo chenye tanga na nahodha hakikushindwa.

5. Hatua ya tatu: Wamaori

Sasa darasa limefunguka. Mwalimu atundike ramani ya Pasifiki na kuandika maneno haya matano ubaoni:

Kiswahili: mbili, tano, moto, kufa, mbingu
Kimalay: dua, lima, api, mati, langit
Kimalagasi: roa, dimy, afo, maty, lanitra
Kimaori: rua, rima, ahi, mate, rangi

Bila kuambiwa, wanafunzi wataona kuwa mistari mitatu ya chini ni ya ndugu, na wa juu ni mgeni. Wenye macho makali wataona zaidi: pale Kimalay kinaposema l, Kimaori aghalabu husema r: lima na rima, langit na rangi. Tofauti yenye utaratibu ni ushahidi mzuri kuliko kufanana kwa bahati. Waonye pia wasikimbilie neno moja: "mate" kwa Kimaori ni kufa, na kwa Kiswahili ni maji ya kinywani. Sura ni moja, udugu hakuna.

Hivyo Wamaori na Wamalagasi ni matawi ya mti mmoja wa lugha, ambao wataalamu huufuata nyuma mpaka kisiwa cha Taiwan, miaka kama 5,000 iliyopita. Kutoka huko watu waliteremka Ufilipino na Indonesia. Tawi moja lilielekea magharibi, likaja kutia nanga Bukini. Tawi jingine lilielekea mashariki, kisiwa kwa kisiwa, mpaka Tonga na Samoa, kisha Tahiti, Hawaii na Kisiwa cha Pasaka. Nchi kubwa ya mwisho kufikiwa ilikuwa Nyuzilandi, ambayo Wamaori huiita Aotearoa. Ushahidi wa sasa unaonyesha walifika huko katika karne ya 13, hasa kati ya mwaka 1250 na 1300. Basi nchi ile ilipata wenyeji wake wa kwanza wakati ambapo Kilwa ilikuwa tayari mji wa biashara.

Tunajuaje? Mwaka 1939 mvulana wa shule mwenye umri wa miaka 13, Jim Eyles, akichimbachimba mahali paitwapo Wairau Bar, aliona yai kubwa na kaburi la kale. Yai lilikuwa la moa, ndege asiyeruka ambaye aina zake kubwa zilimpita mbuni wetu kwa urefu, na ambaye aliwindwa mpaka akatoweka. Pahali pale palikuja kuwa chemchemi kuu ya habari za Wamaori wa mwanzo. Mweleze mwanafunzi wako habari hiyo, ili ajue kuwa historia huweza kuokotwa na mtoto. Kuna pia majivu ya volkeno ya Mlima Tarawera yaliyomwagika yapata mwaka 1314. Juu ya tabaka hilo alama za binadamu ni nyingi, na chini yake ni haba mno.

Safari yenyewe haikuwa ndogo. Kutoka Visiwa vya Cook hadi Nyuzilandi ni kiasi cha kilometa 3,000 za maji matupu. Chombo chao kilikuwa mitumbwi miwili mikubwa iliyounganishwa kwa jukwaa, yenye tanga. Humo walipakia mbwa na mbegu, hasa viazi vitamu, wanavyoviita kumara. Mtoto aliyekula michembe au matobolwa asubuhi atafurahi kusikia kuwa chakula hicho kilikwisha kusafiri Pasifiki. Ajabu iliyopo ni kwamba viazi vitamu asili yake ni Amerika ya Kusini, nako Waquechua wa huko wana neno kumar. Kwa hiyo watu wa Pasifiki walikutana kwa namna fulani na watu wa Amerika kabla ya Columbus.

Waliongozwa na nyota, mawimbi, upepo na ndege. Nyota ambazo wazee wetu waliziita Kilimia kwa kuwa zilitangaza wakati wa kulima, Wamaori huziita Matariki, na huanzia mwaka mpya hapo. Tangu mwaka 2022 Matariki ni sikukuu ya taifa ya Nyuzilandi. Kundi moja la nyota limekuwa kalenda ya mkulima huku na ya baharia kule.

Wapo waliobisha kuwa watu wasio na dira wala maandishi wasingeweza safari kama hizo. Mwaka 1956 Andrew Sharp aliandika kuwa safari ndefu zilitokea kwa bahati, watu wakichukuliwa na upepo. Jibu lilitolewa baharini. Mwaka 1976 chombo kilichoundwa kwa mfano wa vile vya kale, kiitwacho Hokule'a, kilisafiri kutoka Hawaii hadi Tahiti, zaidi ya kilometa 4,000, kikiongozwa na Mau Piailug, mwenyeji wa kisiwa kidogo cha Satawal, bila dira wala ramani. Tena habari ya udugu wao ilikuwa imekwisha kuonekana mapema: mwaka 1769 nahodha James Cook alipofika Nyuzilandi, Tupaia, kuhani wa Raiatea aliyesafiri naye, alizungumza na Wamaori wakaelewana, ingawa hawakuwa wamepata kuonana.

6. Kupima masimulizi

Wamaori nao wana babu zao wanaosimulia. Wanasema asili yao ni nchi iitwayo Hawaiki. Wanamtaja Kupe, msafiri wa kwanza. Makabila yao huhesabu uzao kwa vyombo: huyu wa Tainui, yule wa Te Arawa, mwingine wa Mataatua au Takitimu. Shule za wakoloni ziliyafanyia nini masimulizi hayo? Hapa pana mafunzo mawili kwa mwalimu.

La kwanza: mwandishi Percy Smith aliyakusanya masimulizi ya makabila mbalimbali, akahesabu vizazi, akatunga habari moja iliyonyooka: Kupe katika karne ya 10, na kundi kubwa la vyombo kuwasili pamoja mwaka 1350. Habari hiyo ilifundishwa mashuleni kwa miaka mingi kama ukweli. Mwaka 1976 David Simmons alionyesha kuwa masimulizi yenyewe hayakusema hivyo. Kila kabila lilikuwa na safari yake. Kosa halikuwa la wasimulizi. Lilikuwa la msomi aliyetaka simulizi liwe kalenda.

La pili ni chungu zaidi. Ilienezwa hadithi kuwa Wamaori waliwakuta watu wengine, Wamoriori, wakawafukuza. Jarida la serikali la wanafunzi wa shule liliichapisha mwaka 1916. Ukweli ni kuwa Wamoriori ni wenyeji wa Visiwa vya Chatham na ni uzao ule ule wa Polinesia. H. D. Skinner aliikanusha hadithi hiyo mwaka 1923, lakini vizazi vya watoto viliendelea kuiamini kwa kuwa waliisoma shuleni. Ilikuwa na faida kwa mlowezi: kama Mmaori naye alinyang'anya, basi yeye kunyang'anya si neno. Kwetu pia ilikuwapo. Mwaka 1863 J. H. Speke alichapisha kitabu akidai kuwa watawala wa falme za ziwa letu asili yao ni Uhabeshi, kana kwamba Mwafrika wa hapa asingeweza kujiundia ufalme. Nadharia hiyo iliingia katika vitabu vya shule, na imeacha sumu ambayo haijaisha.

Basi neno la kusema "halimo kitabuni" si kipimo. Vipimo ninavyopendekeza ni maswali manne ambayo hata mtoto wa Darasa la Tano anaweza kuyauliza:
(i) Ni nani anayesimulia, nao ni ukoo upi? Simulizi la watawala si lazima liwe la watu wote.
(ii) Waliwakuta nani? Simulizi la wageni mara nyingi huwasahau wenyeji.
(iii) Je, lugha, mazao, mifugo au mabaki yanaliunga mkono?
(iv) Simulizi linasaidia dai gani, la ardhi, cheo au heshima?

Kwa kawaida simulizi huhifadhi vema majina na upande watu walikotoka. Miaka hulishinda. Mwalimu asilidai kile ambacho halikubeba.

7. Mfano wa kipindi cha dakika 40

Kichwa: Lugha ni shahidi wa safari.
Zana: kadi 20 za karatasi ngumu, kila moja ikiwa na neno moja la orodha ya hapo juu, ramani iliyochorwa kwenye gunia au karatasi kubwa, mbegu za choroko na mpunga katika kifuu, mfano wa ngalawa uliochongwa na wanafunzi kwa mti laini.

Dakika 5: Mwalimu auliza wanafunzi wanaitaje maji, mtu na tano kwa lugha za nyumbani kwao. Aandike kila jibu ubaoni bila kucheka tamko lolote.
Dakika 10: Wanafunzi wapange majibu hayo kwa udugu, wakieleza sababu.
Dakika 15: Katika vikundi, wapange kadi 20, kisha watambue lugha zipi ni ndugu.
Dakika 5: Mwalimu aonyeshe Borneo, Bukini na Nyuzilandi katika ramani, wanafunzi waunganishe kwa uzi.
Dakika 5: Tathmini. Swali: "Kwa nini Wamalagasi wanahesabu kama watu wa Asia lakini ng'ombe wanamwita kama sisi?"

Kazi ya nyumbani: kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja yale maswali mawili ya kwanza, alete jibu kwa maneno ya mzee mwenyewe. Mwalimu asiyekijua kikabila cha mahali pale aombe msaada kwa mwalimu mwenyeji, wala asibuni maneno.

8. Hitimisho

Siku ya pili nilimweleza mwanachuo wetu kosa lake na langu. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Mkufunzi, niliogopa. Sikujua jibu." Hilo ndilo jambo lenyewe. Mara nyingi tunamwambia mtoto "kaa chini" kwa sababu sisi hatuna pa kusimama. Aliporudi darasani alimwomba yule mtoto, mbele ya wenzake, akamwulize babu waliwakuta nani walipofika. Jibu lililoletwa kesho yake lilikuwa fupi: babu alisema swali hilo hajapata kuulizwa na mjukuu yeyote, na kwamba aje Jumamosi, maana jibu lake ni refu.

Ndugu mwanachuo, hutakuwa na chati yenye mishale yote. Acha nafasi pembeni mwa chati yako, na uwe na kalamu mkononi.

Maswali ya majadiliano
1. Kwa nini ulinganifu wa neno moja hautoshi kuthibitisha udugu wa lugha mbili? Toa mfano.
2. Linganisha kosa la Percy Smith na kosa la mwanachuo wa Darasa la Tano. Lipi lina madhara makubwa zaidi, na kwa nini?
3. Andaa somo la dakika 40 juu ya simulizi moja la asili katika kijiji chenu, ukitumia aina mbili za ushahidi zaidi ya masimulizi.